Kabla ya Saa Mbili Asubuhi

Gore, tarehe 9 Septemba

Kaka yangu mkubwa Tiopira,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi, wewe na shemeji Huhana na wote wanaolala chini ya paa lenu. Goti linaendeleaje? Shemeji ameniambia umeacha kupanda ngazi za kanisa, siku hizi unaingilia mlango wa jikoni, karibu na mikate ya kukaanga. Nilicheka, kisha nikakuonea huruma. Mimi ni mzima. Mgongo tu ndio unaolalamika, na una haki, kwa maana mgongo ulionyoa kondoo mia nne na kumi na wawili kwa siku moja pale Mataura, tena mashine ikiwa mbovu, si mgongo wa kawaida. Waliokuwepo watakuambia kwamba yule wa mia nne na kumi na tatu alikuja mwenyewe akajilaza miguuni pangu, nikamwambia arudi kesho. Na medali ya ubingwa wa Gore ingali inaning'inia juu ya kitanda changu, usije ukadhani nimeiuza.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara nne. Unasema jiwe la kaburi la mama litafunuliwa Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, na unauliza kama nitakuja. Halafu chini yake umeandika kwa kalamu nyekundu nisikujibu ndiyo kama maana yake ni labda, kwa sababu wakati wa msiba ulinitandikia godoro pale marae, kwenye nyumba ya ukoo wetu, ubavuni pa jeneza la mama, na lilikaa tupu siku tatu. Neno hilo la godoro limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nitalijibu, ila niruhusu nianzie mbali. Unanijua.

Niliwahi kukuambia kwamba namwendesha mama mmoja mfanyabiashara. Ni kweli, lakini sikumalizia. Biashara yake ni wanaume wanaomlipa akae nao faragha, kwa miadi, kwa saa. Usiikunje barua, kaka. Najua wewe ni mzee wa kanisa, lakini yule mama analipa kodi kama fundi bomba na hana deni kwa mtu. Hapa nitamwita Delwyn, maana jina lake la kweli si langu kulitoa. Kila mwezi tunazunguka miji hii midogo, Gore, Winton, Lumsden, siku mbili huku, siku mbili kule. Mimi nashika usukani, nabeba masanduku, kisha nakaa kwenye gari na chupa yangu ya chai, macho kwenye mlango wake, ili mgeni ajue yupo mtu nje. Ananiita Mjomba, kama wanavyoniita wote.

Nilipoanza nilidhani kinachomsumbua ni wanaume wakorofi. Wapo, na mmoja pale Winton nilimwinua kwa mkono mmoja nikamkalisha juu ya pipa la taka. Lakini kinachomnyima raha hasa ni wale wasiokuja. Mtu anashika saa saba mchana, anabembeleza kwa maneno matamu, na Delwyn anamkatalia mwingine aliyeitaka saa hiyohiyo. Chumba kimekodiwa, shuka zimebadilishwa, yeye amejipamba na kukaa kitandani, na nje ni kimya. Ananiambia, Mjomba, wewe ukikosa kondoo leo utamnyoa kesho na sufu yake itakuwa imeongezeka. Saa yangu haiwekwi kwenye friji.

Kwa hiyo, kaka, kila utaratibu alio nao umezaliwa na hao. Hafungi safari mpaka watu sita wawe wametoa arubuni. Hatoi namba ya chumba mpaka ibaki nusu saa, kwa sababu asiyekuja leo hana haki ya kujua alipo kesho. Siku ya miadi, kabla ya saa mbili asubuhi, mgeni lazima atume ujumbe kwamba anakuja. Saa mbili na dakika moja, nafasi amepewa mwingine. Na wanawake wa kazi hiyo kutoka hapa mpaka Timaru wanapeana majina ya wasiotokea, kama wachungaji wanavyopashana habari za mbwa anayeua wanakondoo.

Hata mvua inamhusu. Hilo nilimfundisha mimi, naye hakatai. Zamani alikuwa anasafiri siku za jua, barabara zikiwa nzuri, na simu zinamiminika za kuahirisha. Nikamwambia, mama, kondoo aliyelowa hanyolewi. Mvua ikinyesha wanyoaji wote wa Southland wamekaa wanatazamana, ndipo wanapokumbuka upweke wao. Jua likitoka wanarudi bandani mbio na wewe umesahaulika. Tangu siku hiyo tunafukuzia mawingu. Watabiri wa hali ya hewa wakisema kutakucha vibaya, sisi tunajaza mafuta.

Usidhani ana roho ngumu. Yupo mzee Ross wa Lumsden, mjane, mfuga ng'ombe. Ameahirisha mara tano, ng'ombe wake wanapenda kuzaa siku za miadi yake. Lakini kila mara anapiga simu, hata mikono ikiwa na damu, anasema Del, samahani, nimeshika miguu ya ndama hapa. Huyo hadaiwi arubuni. Anayeniambia haji, Delwyn husema, huyo amenihesabu kuwa mtu.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumanne iliyopita. Tulikuwa Winton. Mteja wa saa saba alikuwa amethibitisha vizuri tu asubuhi, na mpaka saa saba na nusu hakuonekana. Delwyn akaja kukaa nami garini, tukala mikate ya nyama. Nikataka kumchangamsha. Nikasema wanaume wa siku hizi ni nyasi, mimi Haami katika maisha yangu yote sijawahi kushindwa kufika mahali ninaposubiriwa. Kaka, barua yako ilikuwa mfukoni mwangu nikisema hayo.

Akacheka, akasema laiti angenipata mapema nimfundishe Trevor. Nikauliza Trevor ni nani. Akasema ni mtu aliyemwita Ranfurly, miaka minane nyuma, wakati yeye ni mgeni katika kazi na hajui kudai arubuni. Mtu huyo alimpigia simu mara tatu, sauti yake ya upole, akasema mkewe amemwacha na anataka tu mtu wa kukaa naye mchana mmoja. Delwyn akamwacha binti yake kwa jirani, mtoto akiwa na homa, akaendesha mwendo wa saa tatu kwenye theluji, akamngoja mpaka jioni. Hakuja, hakupiga simu. Aliporudi mtoto alikuwa amelazwa, na muuguzi alimuuliza, wewe mama ulikuwa wapi. Mtoto alipona, lakini swali lile, anasema, bado analijibu. Sheria zake zote zilianzia hapo.

Niliuweka mkate chini. Kaka, Trevor ni mimi, ndilo jina nililompa kwenye simu.

Ulikuwa mwaka ule mke wangu Marama alipoondoka. Nilioga, nikavaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani bado, nikafika Ranfurly kabla ya wakati. Niliegesha upande wa pili wa barabara. Niliona pazia linafunguliwa kidogo na uso wa mtu unachungulia, sikuupata vizuri kwa theluji. Nikakaa humo garini mpaka miguu ikafa ganzi. Niliogopa angenitazama akaona kwamba mimi si kitu. Kisha nikawasha gari. Wiki iliyofuata nilikuwa nawasimulia wenzangu bandani jinsi mwanamke wa Ranfurly alivyolia nilipoaga.

Nilimwambia hapohapo. Sijui ujasiri ulitoka wapi, labda ni kalamu yako nyekundu. Nilimwambia mimi ndiye, na kama anataka nishuke nitatembea mpaka Gore.  Akaniashiria niendeshe. Nikaendesha, na nitakiri kwamba katikati ya aibu hiyo nilijisikia fahari kidogo, kwamba sheria nzima imetungwa kwa ajili yangu. Mungu anisamehe, nimeumbwa hivyo.

Tulipokaribia mjini akaniuliza kama nilikuwa na sababu. Nikasema sababu sikuwa nayo, niliogopa. Akasema mwoga akipiga simu angemwelewa, hata angemcheka kidogo wakacheka wote. Kinachoua ni kumwacha mtu na pazia mkononi. Halafu akasema kuanzia kesho, kila siku ya kazi, kabla ya saa mbili asubuhi, nimtumie ujumbe kwamba nakuja, kama mteja yeyote. Siku nitakayonyamaza, sina kazi tena. Nikamuuliza kama anataka na arubuni. Akanitazama, akasema pesa yangu haimsaidii, na arubuni haijawahi kuwa habari ya pesa. Ni kumfanya mtu aache kitu chake kwako, ili miguu yake ijue inakwenda wapi. Tangu hapo nimetuma kila asubuhi. Hajawahi kunijibu, lakini mlango wa gari anaufungua.

Ndiyo maana nakuandikia, kaka. Nilikuambia baada ya msiba kwamba dhoruba ilizuia feri ya kuvuka kuja kwenu pale Picton. Hakukuwa na dhoruba. Bahari ilitulia kama maziwa kikombeni. Nilikuwa na tiketi, nimevaa koti jeusi, nimo kwenye foleni ya magari. Nikamfikiria mama amelala katikati ya watu, mama ambaye miaka sita nilimwambia kwenye simu kwamba nina nyumba yenye dirisha la kutazama mto, wakati nalala chumba cha nyuma ya karakana. Nikawafikiria binamu wakiniuliza habari za nyumba. Foleni ikasogea, mimi sikusogea. Wa nyuma wakapiga honi. Nikageuza gari, nikasimama pembeni nikaitazama feri ikiondoka na nafasi yangu tupu ndani yake. Nawe ulikuwa umetandika godoro. Sikupiga simu siku tatu. Nisamehe, na umwombe mama msamaha kwa niaba yangu mpaka nitakapofika kumwomba mwenyewe.

Jibu langu ni ndiyo, na si labda. Nitandikie tena. Asubuhi ya kuondoka, kabla ya saa mbili, utapata ujumbe wangu. Ukiukosa, mpe mwingine godoro.

Ndani ya bahasha hii nimeiweka ile medali. Ishike wewe mpaka nije kuichukua kwa mkono wangu, na nisipofika, itupe mtoni mbele ya watoto. Utakapoigeuza nyuma utaona imeandikwa mshindi wa tatu. Tulishindana watu wanne.

Msalimie shemeji, mwambie aniwekee bakuli la nyama na mboga za mtoni. Wasalimie watoto wa kaka zetu, na ulitunze goti.

Mdogo wako anayekuja,
Haami