Dada Yangu Kwenye Bango la Matembezi

Mpendwa Mshauri,

Naomba radhi kwa kimya cha miaka miwili, kwani uliponishauri kuhusu ugonjwa wa mume wangu Didar niliahidi kukushukuru nikanyamaza, na leo narudi na jambo ambalo Didar mwenyewe halijui, naomba msaada kabla halijanimaliza.

Tangu tuhamie Calgary mimi hushiriki matembezi ya hisani ya kupambana na umaskini duniani, kila mwaka mwezi wa Mei, na kila mtembeaji hubandika mgongoni kadi yenye jina la mtu anayetembea kwa ajili yake. Mara ya kwanza wenzangu wote waliandika majina ya marehemu wao, mimi nilikuwa nimegombana na dada yangu Mahbano, aliyebaki kijijini kwetu milimani, Hunza, lakini moyo ulimkumbuka nikaandika jina lake, na Bwana Shiraz, kiongozi wa kikundi chetu, akaniuliza, "Pole, dada. Alifariki lini?" nami, badala ya kumsahihisha, niliinamisha kichwa nikajibu, "Majira ya baridi." Jioni Didar alirudi kutoka visima vya mafuta akakuta wanawake wamejaa sebuleni na sufuria za pilau, akanikumbatia akilia, nikashindwa kumwambia ukweli. Yeye ni mtu wa Karachi, hana wa kumuuliza kule kwetu. Ili uongo usifichuke niliacha kupiga simu na barua za Mahbano sikuzijibu, mpaka zikakoma, na sasa ni miaka ishirini na miwili, wanangu wamekua wakibeba jina lake mgongoni.

Mwaka huu waliweka mabango kando ya mto, yenye picha za watu waliosaidiwa na michango yetu. Katika bango la nne nilimwona Mahbano, nywele zote nyeupe, amesimama penye bomba jipya la maji.

"Bibi, simama hapo nikupige picha," mjukuu wangu Inara aliniambia. "Huyu ana pua yako kabisa."

Didar alisoma jina kubwa la juu. "Mahbano. Na kijiji ni kilekile."

"Acha hizo, mzee," Bwana Shiraz akamcheka. "Huko kila nyumba ina Mahbano wake. Twende, sambusa zinapoa."

Nilisimama kuyaziba maandishi madogo ya chini, ambayo nilikuwa nimeshayasoma: alipoulizwa anatamani nini, alijibu kwamba anatamani kujua kama mdogo wake yu hai.

Mshauri, je, nimwandikie Mahbano kwa siri, Didar asijue? Moyo wake ni mgonjwa. Nitakuandikia nikishaamua.

Ni mimi, Mdogo Mtu, Calgary

JIBU

Bibi Mdogo Mtu, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza sikuamini macho yangu.

Kuinamisha kichwa ni udhaifu wa dakika moja, na dakika hiyo naisamehe. Miaka ishirini na miwili siisamehe mimi. Si yangu kuisamehe. Umechakaza viatu kwa ajili ya watu usiowajua, ukamzika akiwa hai mtu wa tumbo moja nawe, kwa kuogopa kurudisha masufuria ya pilau.

Unaniomba ruhusa ya siri nyingine. Sikupi. Moyo wa Didar usiufanye kisingizio: mwulize daktari wake kwanza kama una shaka, kisha mketishe mumeo asubuhi, baada ya dawa zake, umweleze bila kupamba. Atakasirika, na ana haki. Wanao uwaambie wewe mwenyewe, wasisikie kwa Bwana Shiraz.

Walioandaa matembezi wanajua picha ile ilipigwa wapi na nani. Waombe wakuunganishe na kijiji. Mahbano akipokea simu, taja jina lako, kisha nyamaza umsikilize. Usianze na sababu.

Wewe ni mdogo wake, na tayari una wajukuu. Hesabu umri wake. Piga simu wiki hii. Aibu itakungoja hata miaka kumi. Yeye huenda asikungoje.