Swali Lililoingia Bila Hodi

Mama mpenzi,

Leo kompyuta imenitia adabu huku Diani. Walimu wa vyuo tumekusanywa hotelini kujifunza kufundisha kwa mtandao: unaandika swali kwenye ukurasa, na walimu wa vyuo vya mbali wanakujibu hapo hapo. Mimi chuo changu kilinituma na swali moja: wanafunzi sitini watatumiaje kompyuta moja? Nikaliandika mbio mbio, maana laini ya simu ni moja na hukatika kila mara.

Akafuata Bi Mwanasaumu, mwalimu wa Msambweni, akiandika kwa kidole kimoja: "Assalaam aleikum, walimu wenzangu. Mu hali gani? Watoto hawajambo?"

"Mama, weka swali! Laini itakatika," akasema mkufunzi wetu, kijana wa bara.

"Nimuulize mtu sijamjulia hali?"

Akatuma salamu tu, na laini ikakatika. Tulicheka sana.

Tuliporudi kutoka kula wali na samaki wa kupaka, salamu zake zilikuwa zimejibiwa na watu saba. Mmoja alieleza hadi homa ya mwanawe. Swali langu hakuna aliyeligusa.

"Rudi ukawasalimie," Bi Mwanasaumu akaniambia.

Nikarudi. Jibu la kwanza likaanza: "Sisi tu wazima, mwenzetu. Ama hilo swali lako..."

Sasa kadi hii ya posta imejaa, na nikiisoma naona hata kwako nimeingia bila hodi. Shikamoo, Mama. Goti halijambo?

Mwanao,
Rukia