Pumzi Sitini Kabla ya Makofi

Jumanne, saa tisa alasiri. Baridi kavu tangu alfajiri. Umande uliganda usiku, na asubuhi nyasi za bustani zililia chini ya viatu kama mtu anatafuna barafu. Chai nimeshakunywa vikombe viwili.

Leo niliuliza.

Wanaonisoma siku zote wanajua kwamba Baba Neema alifariki Oktoba ya mwaka jana. Kwa aliyefika leo nitaeleza kwa kifupi. Mume wangu aliendesha basi hapa London miaka ishirini na miwili. Alipostaafu, mgongo ulikuwa umegoma. Daktari akampa vidonge na karatasi yenye picha za mazoezi. Karatasi aliibandika kwenye friji na hakuitazama tena. Siku moja akarudi kutoka matembezini akaniambia amewakuta wazee wa Kichina, watu wa Hong Kong, kwenye bustani ya kilimani hapa Woolwich, wanatembea kinyumenyume.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kesho yake akaenda kujiunga nao.

Baada ya miezi miwili nyumba yetu ilikuwa nyumba nyingine. Alishusha godoro jembamba, akalitandika juu ya mbao sakafuni, akawa analala huko. Mimi nilibaki kitandani, tunaongea usiku yeye chini mimi juu, kama wanafunzi wa bweni. Maji baridi aliacha kabisa. Hata Julai, jasho linamtoka, yeye na kikombe chake cha maji ya moto. Asubuhi alisimama kibarazani akijipiga makofi mikononi, mapajani na kiunoni, paa, paa, paa, mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio.

Kanisani walimtania wee. "Mama Neema, mwambie mzee wako Yesu alitembea kwenda mbele," Mama Upendo alisema siku moja tukigawa chai baada ya ibada. Baba Neema akamsikia. Akajibu, "Shemeji, mimi nimeenda mbele miaka ishirini na miwili kwa usukani. Niacheni nirudi kidogo."

Mgongo wake ulinyooka. Hilo lazima niliandike, maana ni kweli.

Sasa kuhusu kusimama. Mazoezi yao huishia kwa kusimama kama mti. Unatanua miguu, unakunja magoti kidogo, unainua mikono mbele kama umekumbatia pipa, unafumba macho. Hakuna kusogea, hakuna kusema. Dakika ishirini, wakati mwingine zaidi, mpaka mwalimu wao, Mwalimu Ho, apige makofi mawili. Wana kanuni moja wanayoishika kuliko zote: ukimsikia mwenzako anahema, anakohoa au anayumba, usifumbue macho. Kila mtu aachwe na mwili wake. Kumtazama aliyeshindwa ni kumvunjia heshima.

Mume wangu alifariki wakati wa kusimama.

Makofi yalipopigwa na macho yakafumbuliwa, yeye alikuwa ameketi chini ya mwaloni, mgongo kwenye shina, mikono mapajani. Wakaita ambulensi. Haya niliyajua kutoka kwa polisi waliokuja mlangoni kwangu. Moyo, walisema. Nilimsafirisha, tukamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo kwao Machame, na wale wazee wa bustanini hawakuona hata jeneza. Hawakunijua mimi, na mimi sikuwajua.

Kwa mwaka mzima kitu kimoja kimenikalia shingoni: je, yupo aliyemsikia akianguka, akaendelea kufumba macho?

Neema ana jibu lake. Amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia vizuri, ila kukisoma hakujifunza, na ananijibu kwa Kiingereza. Anasema wale watu walimuua baba yake kwa adabu. Amelisema hilo mezani kwangu mara nyingi, na mimi nimekuwa nikimwongezea wali bila kumjibu.

Septemba nilivaa viatu vya kazini nikapanda kilima. Niliwaambia naitwa Grace, nina magoti mabovu. Yote mawili ni kweli. Walinipokea bila maswali. Nimekwenda wiki saba, siku ambazo sina shifti ya asubuhi, na sikumwambia mtu yeyote mimi ni mke wa nani.

Naona aibu kuandika kwamba niliwapenda. Nilikwenda kuwapeleleza nikawapenda.

Yupo Bwana Lam, mfupi, mwenye kofia ya sufu. Tunapotembea kinyumenyume yeye hutoa mlio wa lori linalorudi nyuma, pii, pii, pii, watoto wanaopita kwenda shule wanacheka. Nilimuuliza amejifunza wapi. Akasema, "Kuna Mwafrika mmoja alikuwa hapa, tulimwita Dereva. Alisema kurudi nyuma bila honi ni kosa kisheria." Ilibidi nijifanye nafunga kamba za viatu.

Na yupo Anti Fong. Kila mtu humwita Anti, hata Mwalimu Ho. Ana miaka sabini na kitu, mwembamba kama fagio. Siku ya kwanza alitazama ninavyokunja magoti akasema, "Wewe umekuja kusimama au kutafuta choo?" Tangu hapo akawa ananiletea maji ya moto kwenye chupa yake. Kusimama kulipofika siku ile, nilikwenda kwenye nafasi iliyo wazi kando yake, chini ya mwaloni. Mwalimu Ho alinishika kiwiko polepole akanihamisha. "Hapo pana mtu," alisema.

Hapakuwa na mtu. Nikajua ni pa mume wangu.

Kwa hiyo nilijua pia nani alikuwa karibu naye kuliko wote. Wiki saba nimekunywa maji ya Anti Fong huku swali likiwa mdomoni. Wiki iliyopita akatuambia Jumamosi anahamia Manchester kwa mwanawe. Hapo nikaona sina tena pa kujificha.

Leo asubuhi tulikuwa kumi na wawili. Pumzi zilitoka kama moshi. Tulipoanza kusimama nilifumba macho, yakakataa. Nikayafumbua. Ni mara ya kwanza kuvunja kanuni. Niliwaona wote, wazee kumi na mmoja na mikono yao wazi, nyuso zimetulia, wamekumbatia hewa. Nikawaza: hata sasa hivi mmoja wao akianguka, hawa wengine watabaki hivi hivi. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kwenda kumtikisa Mwalimu Ho kwa koti lake. Nikatazama saa ya mkononi. Dakika moja, ukiitazama hivyo, ni ndefu kupita kiasi.

Makofi mawili.

Anti Fong alikuja na chupa yake. Nikamwuliza hapo hapo, kabla sijaogopa.

"Anti, yule aliyekuwa anasimama hapa. Ulimsikia?"

Hakuuliza nani. Aliacha kumimina.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Mimi ni mke wake."

Alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu, kama mtu anayesoma bahasha. "Mke wa Dereva," alisema. "Wiki zote hizi nakupa maji." Kisha akanishika mkono wa koti akanipeleka kwenye benchi la mbali, wengine wakibaki wanamenya machungwa wanayokula baada ya mazoezi.

Nitaandika alivyosema, kwa jinsi ninavyokumbuka, kwa Kiswahili changu.

Alimsikia. Alisikia majani makavu yakivunjika, halafu akamsikia akishusha pumzi. Anti Fong alinionyesha. Ilikuwa pumzi ya mtu aliyefika nyumbani akavua viatu. "Mumeo alikuwa mwizi," alisema. "Magoti yakimchoka alikaa chini, na kabla ya makofi alisimama tena, Mwalimu asijue. Nilimsikia mara nyingi. Sikumwambia mtu. Kwa hiyo siku ile nikasema moyoni, Dereva anaiba tena. Sikufumbua macho. Nilikuwa natabasamu."

Nikamuuliza ilikuwa muda gani mpaka makofi. Nilitegemea aseme hajui.

"Mimi huhesabu pumzi," alisema. "Kutoka majani mpaka makofi, pumzi sitini."

Mimi ni mhudumu kwenye nyumba ya wazee kule Lewisham. Kila mwaka tunafundishwa upya kubonyeza kifua cha mdoli wa mpira, na kila mwaka mwalimu anatuambia jambo lile lile kuhusu dakika za mwanzo. Pumzi za hawa watu wakiwa wamesimama ni ndefu, taratibu, kama za mtu aliyelala. Sikutaka kupiga hesabu. Akili iliipiga yenyewe.

Zilikuwa dakika za kutosha kumwokoa.

Anti Fong alijua najua. Alisema kwao, mtu akifa, familia huwapa wote waliokuja kuzika bahasha nyeupe yenye pipi. Unaila njiani, kabla ya kufika mlangoni kwako, ili uchungu usiingie nawe ndani. "Sisi hatukuzika. Hatukupewa pipi," alisema. "Kila mmoja aliingia nao nyumbani. Mimi bado ninao. Mwalimu hajui, Lam hajui. Sasa unajua wewe. Nichukie, nitakubali."

Akainamisha kichwa, akangoja.

Nikamwambia, "Asante kwa kuniambia." Nikasimama. Nikashuka kilima bila kugeuka.

Hapo ndipo ningeweza kumaliza, na nyote mngeniandikia pole. Lakini kuna jambo sijawahi kuliandika humu, na sijamwambia mtu yeyote kwa maneno.

Asubuhi ile ya Oktoba, Baba Neema alichelewa kutoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu, anasugua kifua kwa kiganja, kwenda na kurudi. Akasema kinabana. Nilikuwa nimetoka shifti, nimechoka, nataka kitanda changu. Nikamwambia, "Ni gesi tu. Ni yale maharage ya jana. Nenda kwa Wachina wako ukajipige makofi, itatoka." Akacheka. Akavaa soksi. Akaniuliza kama anizimie taa. Nikasema ndiyo.

Mimi, niliyefundishwa kila mwaka. Angekuwa mzee wa pale kazini kwetu anasugua kifua namna ile, ningebonyeza kengele kabla hajamaliza sentensi.

Polisi walipouliza kama alilalamika chochote, nilisema hapana.

Kwa hiyo nilipopanda kile kilima Septemba, sikwenda kutafuta ukweli. Ukweli nilikuwa nao. Nilikwenda kutafuta mtu wa kunipokea mzigo, na leo nimempata. Bibi wa miaka sabini na kitu, kichwa chini, anangoja nimhukumu kwa pumzi sitini alizozihesabu kwa uaminifu, mbele ya mtu ambaye hakuhesabu hata moja. Ningeweza kumwambia pale pale kwenye benchi. Maneno yalifika hapa kooni. Nikayameza, nikasema asante, nikamwachia yote.

Nikasikia wepesi.

Hilo ndilo linalonitisha. Nilishuka kilima nikiwa mwepesi, mpaka kwenye kituo cha basi, na nilipokaa nikaelewa kwa nini.

Naandika haya kwa Kiswahili, na Neema hawezi kukisoma. Najua vizuri kwa nini nimechagua ukurasa huu. Kuungama kwa watu wasionijua, kwa maandishi ambayo binti yangu hayafikii, ni kusimama na macho yamefumbwa. Anakuja jioni kula. Akisema tena kwamba walimuua baba yake, sitamwongezea wali. Nitamwambia kuhusu soksi, kuhusu taa, na nilichomjibu baba yake. Naogopa uso wake kuliko nilivyowaogopa polisi.

Kesho nina shifti ya asubuhi. Nimeshampigia mwenzangu tubadilishane, amekubali. Njiani kurudi nilipitia duka la Wachina karibu na soko, nikanunua pipi za maziwa na bahasha nyeupe. Muuzaji aliziangalia zile bahasha, akanipa pole kwa sauti ndogo. Nimetia pipi moja moja, bahasha kumi na moja, zipo hapa mezani mbele yangu.

Lakini sitazigawa kabla sijasema. Nikitangulia na pipi nitakuwa namhonga Anti Fong. Nitamtafuta kwanza, kabla ya mazoezi, sote wawili macho wazi, nimwambie kuhusu kifua na maharage. Halafu nimpe bahasha yake.

Kama ataipokea.