Kwa Madò Polònia wa Garrova, Aliyezikwa na Watu Tisa

Mwaka umetimia, Mama, tangu tulipokuzika mbele ya watu tisa. Tuliwahesabu bila shida.

Wewe hukukosa mazishi ya mtu. Mvua inyeshe, miguu iume, ulichukua mwavuli wako mweusi ukaenda, hata kwa yule mzee mliyenuniana naye miaka ishirini kwa ajili ya mtini mmoja. Ulisema watu huzikana kwanza, ugomvi wataumalizia huko huko.

Kila Desemba, nyumba iliyochinja nguruwe ilimwita bibi yao, Madò Polònia, aonje nyama kabla haijajazwa kwenye utumbo kuwa soseji ya sobrassada. Uliionja mbichi, ukafumba jicho moja, ukasema, "Chumvi imeogopa." Wakaongeza bila kubisha. Mikono yako ilikaa myekundu kwa pilipili hadi Krismasi.

Kosa ni langu mimi Bernat, mwanao wa kwanza. Miaka miwili ya mwisho uliishi kwangu mjini Palma, nyumba ya kijijini imefungwa. Ulipofariki hospitalini, mtu wa mazishi aliniuliza jina la kubandika kwenye mlango wa kanisa. Nikampa la kitambulisho, ambalo kijijini hakuna aliyekuita: Apol·lònia Vaquer Sansó. Akauliza kama kuna jina la nyumba, lile ambalo kijiji huitambulia familia, maana desturi ni kuliandika. Nikasema halipo.

Niliona aibu, Mama. Shuleni walinicheka kwamba garrova ni maganda ya kulishia nguruwe. Siku ile nilirudi nalia, ukanifuta makamasi ukaniambia, "Akina Vaquer wamejaa kisiwa kizima, mwanangu. Garrova ni sisi tu."

Kijiji kilisoma tangazo, kikapita.

Wiki moja baadaye Coloma, jirani yako wa ukuta kwa ukuta, alitukuta tunafungua madirisha ya nyumba yako. Alikuletea mkate wa tini kwenye kitambaa. Akauliza, "Polònia anarudi lini? Machinjo yamekaribia, nani atatuonjea chumvi?"

Dada yangu Margalida ndiye aliyemwambia. Coloma akakaa kizingitini, mkate mapajani.

"Kengele niliisikia," akasema. "Nilikuwa nabangua lozi. Nikasema Mungu amrehemu huyo mgeni, nikaendelea kubangua."

Hakutulaumu. Afadhali angetutukana. Maji yakimwagika hayazoleki, na mtu hazikwi mara mbili. Hadi leo wanakijiji wananisimamisha njiani, mmoja mmoja, kuniambia kwamba wangekuja. Naitikia kwa kichwa tu.

Misa ya mwaka ni Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Mwavuli wako tumeuleta.

Unakumbukwa na wanao Bernat na Margalida, wajukuu zako Aina na Llorenç, na Coloma, aliyeomba jina lake liwe pamoja na yetu. Hutatutoka moyoni siku zote tutakazoishi.

Nanyi majirani mnaosoma mlangoni hapa: aliyefariki ni Madò Polònia wa Garrova.