TABO MBILI JUU YA MEZA YA KINYOZI

UMOJA WA WENYE LORI MOJA
Kumbukumbu za kikao cha dharura kilichofanyika Jumapili, chumba cha nyuma cha kinyozi. Kiliitishwa saa nane mchana, kikaanza saa tisa kasoro kumi kwa sababu mwenyeji alikuwa na mteja aliyekataa kuachwa na nusu kichwa.

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti (muuza mbao)
2. Mama Matofali (Makamu, mfyatuaji wa matofali)
3. Kinyozi (mwenyeji)
4. Bwana Katiba (seremala; jina la utani, ila ameshalizoea)
5. Dereva
6. Katibu (mshona nguo, mwandishi wa kumbukumbu hizi)

MWALIKWA: Fundi wa magari. Hana kura.

ASIYEHUDHURIA: Shemeji wa Mwenyekiti. Si mwanachama na hakualikwa, lakini alitajwa mara kumi na tisa.

KUMB. NA. 1/ HALI YA LORI
Mwenyekiti alieleza kwamba kwa wiki tatu lori halipandi kilima cha matangi ya maji likiwa na mzigo. Sababu ni kuchoka kwa tabo, kile kifaa chenye umbo la konokono kinachoisukumia injini hewa. Tangu hapo Umoja umekuwa ukipokea mizigo ya kuteremka tu, na ya kuteremka imekwisha.

Kesho saa moja asubuhi kuna madawati mia na ishirini ya kupeleka shule mpya iliyo juu ya kilima. Dereva aliongeza kwamba mwenye gari la maji amemwita kazini na anataka jibu kesho. Alisema hataki kwenda, ila hawezi kuendelea kukalia lori lililosimama. Dereva ana miaka kumi na moja kwenye usukani huo, na Katibu anaandika wazi kwamba hakuna mwanachama mwingine anayejua kuliwasha asubuhi ya baridi.

KUMB. NA. 2/ TABO YA SHEMEJI
Mwenyekiti alisema shemeji yake amepata tabo iliyotumika, yenye hitilafu ndogo: panga moja la feni yake ya ndani limemeguka nchani, na shafti, yaani mhimili unaobeba mapanga hayo, inacheza kidogo. Muuzaji atakubali kurudishiwa mwisho saa kumi na mbili leo. Kikao kiamue kama bado inafaa.

Mama Matofali aliuliza kwa nini kila Umoja ukihitaji kitu, kinapatikana kwa Shemeji. Alikumbusha matairi mawili ya nyuma. Mwenyekiti alijibu kwamba hayo yameshapita. Mama Matofali alisema hayajapita, lori bado linaenda upande.

KUMB. NA. 3/ USAFI WA VIFAA
Fundi aliweka mezani tabo ya zamani, aliyoitoa kwenye lori asubuhi, na tabo ya Shemeji. Zote ni za aina moja na zote zilikuwa na masizi.

Bwana Katiba alisimama akasoma kifungu cha tisa cha katiba ya Umoja, kilichopitishwa baada ya ugomvi wa betri, kwamba kifaa kisihukumiwe kikiwa kichafu. Fundi alinyoosha mkono. Aliambiwa wageni huongea wakiulizwa.

Tabo zilisuguliwa kwa dizeli, sabuni na taulo nne za Kinyozi, ambaye alijulishwa habari za taulo wakati ya tatu ikimalizika. Fundi alinyoosha mkono tena. Aliambiwa aushushe, anamzibia Katibu mwanga.

Kazi ilipoisha tabo zote ziling'aa, kila moja ikiwa na panga lililomeguka nchani, na ikadhihirika kwamba hakuna anayejua ipi ni ipi. Mwenyekiti, bila kupepesa macho, alisema ya kushoto ndiyo ya shemeji yake, na kwamba vitu vya shemeji yake anavijua hata usingizini. Bwana Katiba alisema maneno ya Mwenyekiti yanatosha. Fundi alicheka peke yake, akaonywa.

KUMB. NA. 4/ UKAGUZI
Kila mwanachama alikagua kwa mkono wake. Mwenyekiti aliizungusha ya kushoto kwa kidole, ikalia kidogo, akasema huo ndio mlio wa kitu chenye nguvu. Kinyozi alizinusa zote mbili, akasema zinanuka taulo zake. Bwana Katiba alitia penseli kwenye mapanga ya kushoto kupima ukali, na sasa ana penseli fupi.

Mama Matofali aliipakata ya kulia. Aliizungusha, ikaenda muda mrefu bila kelele. Alisema hii ya kwetu ya zamani ni nzima kabisa, mara mia kuliko hicho kikopo cha Shemeji, na kwamba tabo haijawahi kuwa tatizo. Alipoulizwa kama ni hivyo lori linashindwa nini kilima, alisema labda mguu wa Dereva umezeeka.

Dereva alitoka nje. Alirudi baada ya dakika nne, macho mekundu. Alisema ni vumbi. Mvua ilikuwa ikinyesha tangu asubuhi.

KUMB. NA. 5/ KURA
Hoja: tabo ya Shemeji ipokelewe na ifungwe leo.
Waliokubali: Mwenyekiti, Bwana Katiba, Katibu (alikuwa na njaa, na anakiri hapa).
Waliokataa: Mama Matofali, na Kinyozi kwa ajili ya taulo.
Dereva hakupiga kura. Alitoa funguo za lori mfukoni, akaziweka mezani katikati ya tabo mbili. Alichosema kimeandikwa kama kilivyo:

"Miaka kumi na moja nawasikiliza nyinyi. Leo msikilizeni Fundi, dakika moja tu. Baada ya hapo kama mnazitaka funguo, hizo hapo."

Mwenyekiti alimruhusu Fundi aongee. Bwana Katiba alitazama saa.

KUMB. NA. 6/ MAELEZO YA FUNDI
Fundi alisema kwanza kwamba tabo haioshwi kabla ya kukaguliwa, kwa sababu mafuta na masizi ndivyo vinavyoonyesha inapovuja, na hilo ndilo alilonyooshea mkono. Sasa imebaki kupima kwa vidole.

Alieleza kwamba shafti ikicheza kidogo kwenda pembeni si neno, maana mafuta hujaza nafasi hiyo injini ikiwaka. Ikicheza kwenda mbele na nyuma, hiyo imekwisha. Panga lililomeguka kidogo nchani, bila ufa, injini itaishi nalo. Lakini mapanga yakigusa ukuta wa ndani wa tabo, usifunge.

Aliishika ya kushoto, akaisukuma shafti. Ilienda mbele na kurudi nyuma, na mapanga yakakwaruza ukuta hadi Kinyozi akaziba masikio. Aliishika ya kulia. Ilitulia, haikutoa sauti yoyote.

"Hii inayokwaruza ndiyo niliyoitoa kwenye lori," alisema. "Ya Shemeji ni hiyo aliyoipakata Mama."

Mama Matofali alitaka kuiweka chini, lakini wote walikuwa wanamtazama, akaendelea kuipakata.

Bwana Katiba alisoma kifungu cha kumi na nne, kwamba mwanachama hawezi kubadili kauli ndani ya kikao kilekile. Kwa hiyo Mwenyekiti amefungwa na kauli yake kwamba ya Shemeji ifungwe, na Mama Matofali amefungwa na yake kwamba ya kulia ni nzima kabisa. Kinyozi alisema basi wote wawili wanataka kitu kimoja, na hilo halijawahi kutokea.

Mama Matofali alisema: "Mimi nilisema ni nzima. Nimeijua kwa mikono yangu. Shemeji hahusiki."

Mwenyekiti aliomba maneno hayo yasiandikwe. Yameandikwa.

Mama Matofali alimgeukia Dereva, akamwomba radhi kuhusu mguu. Dereva alisema yamekwisha. Hakuzichukua funguo.

AZIMIO: Tabo ya kulia ifungwe. Wote sita walikubali. Kinyozi alidai taulo, akaahidiwa shukrani.

KUMB. NA. 7/ KUFUNGA
Mwenyekiti alianza hotuba ya kufunga saa kumi na moja na robo. Fundi alikuwa ameshaondoka na tabo. Kikao kilifungwa dakika tano baadaye, Mwenyekiti alipogundua kwamba wanachama nao wameshaondoka. Funguo zilibaki kwa Katibu.

UTHIBITISHO
Kumbukumbu hizi zimesainiwa Jumatatu saa mbili asubuhi, juu ya kilima, kwenye dawati la shule. Katibu alipeleka funguo alfajiri, na Dereva akazipokea. Mwenyekiti alipanda lori ili kuhakikisha tabo ya shemeji yake. Mama Matofali alipanda ili kuhakikisha tabo yake. Katibu alikaa katikati yao, na hatarudia.

Lori lilipanda na madawati sitini ya safari ya kwanza bila kusimama. Kwenye kona ya matangi, mahali linapokwamia siku zote, Dereva alikanyaga mafuta, na likaitika. Juu alizima injini, akabaki ameshika usukani kwa muda, kisha akamtaka Katibu aongeze sentensi moja: mwenye gari la maji ameshajibiwa tangu jana, kabla ya kikao, kwamba Dereva haji.

Mwenyekiti: (sahihi) kwa shingo upande
Katibu: (sahihi) ambaye ameiandika sentensi hiyo ya Dereva mara mbili, ya kwanza ililoa machozi