Haibiskasi ya Vilimoni

Ana, uko wapi? Natoka kwa shangazi Litia sasa hivi.

Unaikumbuka ile haibiskasi ya mlangoni, ule mti wa maua walipozika kitovu cha Vilimoni alipozaliwa? Tangu mafuriko ya Mto Ba yamchukue na mwili usipatikane, shangazi anaihesabu ndiyo kaburi la mwanawe.

Imekufa, Ana. IMEKUFA.

Wiki iliyopita mjomba Apenisa aliona vidukari kwenye majani, akapulizia dawa. Leo majani yote yamepukutika. Shangazi akaingia stoo, akatoka na kopo.

"Apenisa, ulipulizia hii?"

"Si ndiyo ya wadudu?"

"Ni ya kuua magugu!"

Ya magugu, Ana! Macho ya mjomba yamekwisha, na miwani hataki.

Tukamwita yule muuza miche wa sokoni. Shangazi akamwomba, "Basi angalau tukate kijiti tupande nyingine." Jamaa akakwaruza tawi moja moja, hakuna lililo bichi.

"Pole, mama. Dawa imeshuka mpaka mizizini."

Mjomba akachota maji, akaanza kumwagilia.

"Acha, baba Vili. Unamwagilia kuni."

Hakuacha. Nimemwacha palepale, anachota ndoo nyingine.