Ijumaa ya Baba Kuitwa Redioni

Jumanne, 15 Julai
Chai, dawa, kumfuta Baba mwili. Tangu kiharusi, asubuhi zote ni hizo. Leo hana lingine ila redio. Bandarini kwao mtu akiacha kazi, kila boti humwita jina redioni, kwa zamu, naye anasikiliza. Baba kawaita wenzake miaka nenda rudi. Zamu yake ni Ijumaa baada ya swala. Juma, msaidizi wake wa zamani kwenye boti, alitaka apige simu tu. Baba kakataa. Simu ni kupigiwa, anasema, siyo kuitwa.

Nimeshuka Kariakoo nikanunua skana, redio ya kunasa mawasiliano. Boksi limeandikwa masafa kibao. Nimeingiza namba ya masafa ya bandarini aliyonipa Juma. Imegoma.

Jumatano, 16 Julai
Nimerudi dukani. Muuzaji ananiambia masafa ya katikati, pamoja na namba yangu, kiwandani wameyaruka; boksi linaonyesha mwanzo na mwisho tu. Angesema jana angekufa? Kanibadilishia, uso kaukunja.

Hii imekubali namba. Akaijaribu mbele yangu, kama wanavyojaribu kila kitu Kariakoo. Kaweka stesheni ya taarabu. Sauti safi, duka zima limeridhika, na mimi nikaridhika. Mjinga mimi.

Ijumaa, 18 Julai
Kanzu nyeupe. Kofia. Baba kanitaka nimpake na manukato.

Muda ukafika. Mkwaruzo. Kimya. Mkwaruzo tena, kama mchanga kwenye sufuria. Hakuna neno hata moja. Namba ni ileile, nimeikagua mpaka macho yanauma. Nampigia Juma, hapokei. Nikitaka kusema kitu Baba ananinyamazisha kwa mkono ule mzima.

Kasikiliza mpaka alasiri. Kisha kasema, "Wamenisahau." Nimeingia jikoni nikalia kwa hasira.

Jumamosi, 19 Julai
Muuzaji hana hata aibu. Ati redio mpya za bandarini ni za dijitali. Skana yangu inaifikia namba, inanasa mawimbi, ila haiwezi kuyageuza maneno. "Dada, hukuniuliza." Kweli sikuuliza. Ningejuaje cha kuuliza?

Kwa hiyo ule mkwaruzo ndio wao, walikuwa wanamwita. Nimemweleza Baba, polepole, mara mbili. Amenitazama kwa huruma. "Usiwatetee, mwanangu."

Jumapili, 20 Julai
Juma kaja na samaki, changu wawili wa soko la Feri. Shikamoo mzee. Marahaba. Kaapa kwamba boti zote zilimwita, na nahodha mmoja alishindwa kumaliza jina kwa kilio.

Baba kamsikiliza hadi mwisho. Siku zote alimwita Juma "kijana wangu". Leo kasema, "Ahsante, bwana, umejisumbua."

Juma kanitazama. Nimemsindikiza mpaka ngazini, nikarudi kukaanga samaki. Baba kala vizuri.